Taarifa ya Maagano ya Mama Senkoro

Siku Bwana Kihwele, mkuu wa masoko, alipoaga wenzake, Kipimanyoyo kilihesabu nyoyo mia mbili na kumi na nne ndani ya ukumbi wa chakula, na katika mia moja tisini na moja kati ya hizo kikakuta huzuni. Kilimaliza hesabu kabla watu hawajamaliza kupiga makofi. Ghorofani, mbele ya Winfrida Chilongani, kioo kirefu kama mlango kilikuwa kimejaa vidoa vya kijani, kidoa kimoja kwa kila mfanyakazi. Vidoa vile vikaanza kugeuka bluu kimoja baada ya kingine, kama zabibu zinazoiva shambani, na chini yake maandishi yakatokea: "Wafanyakazi wameumizwa na kuondoka huku. Alama themanini na tisa kwa mia."

Winfrida alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye ndiye mhandisi aliyekibuni Kipimanyoyo, lakini pia alikuwa mfanyakazi wa Kitengo cha Mikono kama wengine, na alijua kuwa mle ukumbini hakuna aliyekuwa tayari kumlilia Kihwele hata chozi la kitunguu. Watu walikuwa wameinamisha vichwa kwa sababu hotuba zilikuwa sita na pilau lilikuwa linapoa. Kila msemaji alisimama, akasema pengo lake halitazibika, kama desturi inavyotaka, akashusha pumzi, akaketi. Mapigo yalikuwa ya polepole, sauti zilikuwa za chini, hakuna aliyecheka. Mashine ikaona msiba.

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Badala yake aliituma taarifa makao makuu kama ilivyo, akashuka kula pilau.

Ilikuwa Dodoma ya mwaka 2091, na Kipimanyoyo kilikuwa fahari ya Kampuni ya Ukwaju yenye vitengo tisa. Kila mfanyakazi aliye chini ya mkurugenzi alishonewa kifungo-sikizi kwenye ukosi wa sare, kidude kidogo kama punje ya mahindi. Kifungo kilisikiliza maneno na sauti iliyoyabeba, kikahesabu mapigo ya mshipa wa shingo, kikapima joto la ngozi na urefu wa pumzi, kisha kikapeleka yote kwa akili mnemba iliyolazwa chini ya jengo. Hata siri kiliinusa. "Anayejua jambo hawezi kufanana na asiyelijua," Winfrida alikuwa akiwaambia wageni kwa majivuno, "hata akikaa kimya." Kukivua kifungo ndani ya uzio wa kiwanda lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Kitengo chao kilitengeneza mikono-tambuzi, yaani mikono ya chuma laini iliyounganishwa na mishipa ya fahamu, kwa watu waliopoteza yao kwa ajali, kwa mashine za kukoboa, kwa kisukari. Mkono ule uliweza kuchambua mchele na kumfunga mtoto nepi. Lakini tangu hospitali kubwa zilipoanza kuuza mikono ya kuotesha, iliyokuzwa ndani ya matangi kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe, wenye uwezo hawakutaka tena chuma. Waliobaki ni wakulima, mafundi na mama lishe, na hao hununua mkono mmoja wakautunza miaka ishirini. Kitengo kikawa kinachechemea.

Basi wakubwa wakaanza kuondoka kwenda makao makuu. Katika mwaka mmoja waliondoka wanne: mhasibu mkuu, mkuu wa ununuzi, naibu mkurugenzi, na sasa Kihwele. Wa kwanza alipoondoka watu waliumia kweli. Alipoondoka wa pili walinung'unika. Alipofika wa tatu mambo yalikuwa yamegeuka mchezo. Pale karakana ya vidole mafundi walikuwa wakibashiri nani anafuata kwa kuangalia nani ameanza kubeba maua yake ya chungu kwenda nyumbani. Aliyepanda juu hakugeuza shingo. Yule naibu alipofika makao makuu, jambo lake la kwanza lilikuwa kuwafutia zamu ya jioni.

Mtu mmoja tu hawakuwahi kumweka kwenye ubashiri wao. Huyo alikuwa mkurugenzi wao, Mama Naghenjwa Senkoro, Mpare wa Usangi, mwanamke mrefu mkavu, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alikuwa amekaa pale miaka kumi na miwili. Winfrida alipotoka chuoni, na vyeti vyake vizuri na ulimi wake mbovu, kampuni tatu zilimkataa, Mama Senkoro akamsikiliza saa nzima, akamwambia, "Una kiburi, lakini kiburi hutibika. Njoo Jumatatu." Alikuwa akimwita mwanangu, na Winfrida, ambaye mama yake mzazi alikufa yeye akiwa darasa la tano, alilipokea neno hilo kwa mikono miwili.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa lilimchoma kuliko wote. Alilisoma mlangoni pa kantini akiwa amesimama nyuma ya mabega ya watu: Mkurugenzi N. Senkoro ameteuliwa kuketi katika Baraza la Mizani, ataondoka Ijumaa, uteuzi utathibitishwa baada ya Taarifa ya Maagano.

Baraza la Mizani lilikuwa na viti tisa, na ndilo lililoamua kitengo kipi kiishi na kipi kifungwe. Na kwa sheria ya Ukwaju, hakuna aliyeketi humo kama Kipimanyoyo hakijaeleza jinsi watu wake walivyopokea kuondoka kwake. Alama ikiwa chini ya sitini, kiti kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema, ili wakatili wasipande, na Winfrida mwenyewe aliipigia makofi siku ilipopitishwa.

Alipanda ngazi mbili mbili mpaka ofisini kwa mkurugenzi, akaingia bila hodi.

"Mama, na wewe unatukimbia?"

Mama Senkoro alikuwa anapanga mafaili. Aliinua uso, lakini hakumtazama machoni. Alitazama chini kidogo, kama kwenye shingo yake, akakaa hivyo kwa muda.

"Kazi ni kazi, Winfrida. Nimeitwa, naenda."

"Na sisi?"

"Ninyi mna kazi za kufanya. Rudi kwenye mashine yako."

Hakusema mwanangu. Winfrida alitoka mle ofisini, akaingia msalani akalia, akiwa ameziba ule ukosi kwa kiganja ili kifungo kisisikie. Kilisikia, bila shaka. Akufukuzaye hakuambii toka, alijisemea. Na siku tatu zilizobaki hakupita tena kwenye ujia ule.

Ijumaa saa sita mchana watu wote walikusanyika uwanjani mbele ya geti. Winfrida hakushuka. Alibaki ghorofani, dirisha upande mmoja na kioo cha vidoa upande wa pili, akijiambia kuwa ana kazi.

Pilau halikuwepo safari hii, wala hotuba. Gari-jiendeshe la kampuni lilikuwa limefungua mlango likimsubiri abiria wake, na mbele ya gari hilo, chali kwenye lami, alikuwa amelala Mzee Anaeli Tesha. Mzee Tesha alikuwa fundi mkuu wa vidole, Mchaga wa Rombo mwenye miaka sitini na mitatu, na alikuwa amejifunika gubigubi kitambaa cheupe cha kufunikia mashine, mithili ya sanda.

"Kaburi hili ni langu!" alipiga kelele kutoka chini ya kitambaa. "Hapiti mtu hapa mpaka nikombolewe!"

"Kuna mtu barabarani," gari likasema kwa adabu. "Tafadhali pisha."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wapare na Wachaga ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakigombana milimani, na mtani ndiye mtu peke yake mwenye ruhusa ya kuja msibani kwako akamsimanga marehemu, akalala kaburini akadai kombozi ndipo atoke, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mzee Tesha na Mama Senkoro walikuwa wametaniana kwa miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni, na hakuna siku ambayo hata mmoja wao alinuna.

"Nenda, Mpare we!" Tesha alikuwa ameketi sasa, sanda begani. "Nenda na ubahili wako, tumekuchoka! Miaka yote sikukuu ya wafanyakazi unatulisha makande! Ng'ombe wote mmeuza mkaendeshea kesi za kuku! Huko unakokwenda utawashtaki wote, mpaka mfagizi!"

"Na wewe Mchaga nyamaza!" Mama Senkoro alijibu, mikono kiunoni. "Siku ukifa hatuiti daktari. Tutaangusha sarafu sakafuni. Usipofumbua macho, tunazika!"

Vigelegele vikapaa. Wengine wakaingilia, Wagogo kwa Wahehe, Wanyamwezi kwa Wazaramo, kila mtu akamtafuta mtani wake, na wasiokuwa na mtani pale wakajibandika kwa Tesha wakamsaidia kumtukana mkurugenzi. "Nenda, usirudi!" waliimba. "Nenda, mchoyo we, usirudi!" Mwishowe Mama Senkoro akatoa kombozi, mwavuli wake mweusi aliotembea nao hata kiangazi, akamkabidhi Tesha. Tesha akanyanyuka, akausogeza mlango wa gari kwa heshima zote, na gari lilipotoka getini akageukia ukutani, akajifuta uso kwa kile kitambaa cheupe.

Winfrida aliyaona yote hayo dirishani. Kisha akageukia kioo.

Vidoa vilikuwa vyekundu na vya njano. Vyekundu kwa dharau, vya njano kwa shangwe. "Wafanyakazi wanashangilia kuondokewa," maandishi yalisema. "Matusi yaliyorekodiwa: arobaini na saba. Mwito wa kutorudi: mara mia tatu na zaidi. Alama kumi na moja kwa mia."

Hakushangaa, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote. Alikuwa amekifundisha Kipimanyoyo kwa saa elfu kumi za mikutano, na mikutanoni watu husema vizuri. Mwanzoni, kwenye michoro yake, kulikuwa na sura nzima juu ya utani. Makao makuu wakasema muda hautoshi, ifutwe, itaongezwa siku nyingine. Winfrida, Mgogo aliyekua akitukanwa na Wanyamwezi mpaka kwenye mazishi ya mama yake, akaifuta. Siku nyingine haikuja.

Lakini palikuwa na njia. Yeye mwenyewe alikuwa ameisimamia wakati wa kubuni: chini ya kila taarifa kulikuwa na nafasi ya mistari mitatu iliyoitwa Dokezo la Mhandisi, ili pale mashine inapokosea, binadamu aseme. Alikuwa na muda mpaka saa kumi. Akaifungua nafasi ile, akaandika: "Wapare na Wachaga ni watani. Maneno haya ni"

Akasimama hapo.

Ni ya mapenzi, ndiyo aliyotaka kuandika. Vidole vilikuwa tayari. Lakini alisikia tena ile sauti kavu ikisema kazi ni kazi, rudi kwenye mashine yako, na kifuani pakamwaka. Amekwenda kwenye kiti cha ngozi, alifikiri, ametuacha tunazama. Kwa nini nimbebee mizigo? Acha naye aonje kukataliwa. Mashine imesema, mimi sikusema kitu.

Akafuta yale maneno, neno moja moja.

Hodi ikapigwa. Mzee Tesha alichungulia, mwavuli mweusi kwapani, macho yamevimba kidogo.

"Injinia, samahani. Nina swali la kijinga."

"Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Hii mashine yako, utani inaujua? Maana yule mama leo nimemtukana mpaka vitukuu vyake. Nilikuwa narudi karakana nikafikiri, je, haitanielewa vibaya?"

Winfrida alisogea akakikinga kioo kwa mgongo.

"Inaujua, Mzee. Usiwe na wasiwasi."

"Afadhali," alisema Tesha, akacheka. "Nilijua tu mtoto wa Kigogo hawezi kusahau utani."

Alipofunga mlango, Winfrida akabonyeza, taarifa ikaenda na dokezo tupu. Tangu siku ile ameirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na kila mara anaona jinsi ilivyokuwa rahisi. Mistari mitatu tu, na asingeijaza hata yote.

Majuma mawili baadaye barua ikaja kuwa uteuzi wa Mama Senkoro umefutwa na kwamba, kwa kuwa nafasi yake ya zamani imekwisha kufungwa, amestaafishwa. Sababu haikutajwa, taarifa za maagano zilikuwa siri kati ya Baraza, mhandisi na yule anayeagwa. "Wamemwonea," mafundi walisema karakana nzima, na Tesha alikula chakula chake nje juma zima. Kiti kile kilikwenda kwa aliyefuata kwenye orodha, mwenye alama themanini na tisa. Bwana Kihwele.

Mwezi wa tatu baada ya barua hiyo, Baraza likapigia kura hatima ya Kitengo cha Mikono. Waliotaka kifungwe watano, waliotaka kiendelee wanne. Habari hiyo ilisomwa uwanjani saa nne asubuhi na sauti ya kurekodiwa. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama tu, mmoja akamwekea mwenzake mkono begani, kisha wakarudi ndani kuzima mashine. Ghorofani vidoa vyote vilibaki kijani. "Wafanyakazi wamepokea kwa utulivu," Kipimanyoyo kiliandika, na Winfrida akakizima kwa mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu kizinduliwe.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuondoa kumbukumbu za ofisi ya mkurugenzi. Kwenye kompyuta hamkuwa na kitu kipya. Lakini nyuma ya droo ya chini alikuta daftari la shule, la karatasi, limeandikwa kwa kalamu ya wino, kitu ambacho alikuwa hajakiona kazini maisha yake yote. Kurasa arobaini. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na maneno haya:

"Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Mizani. Hii ni hoja yangu ya kwanza mbele yenu, na ndiyo iliyonifanya niombe kiti hiki. Naomba kusema habari za mikono elfu thelathini na moja iliyoko mitaani na mashambani, ambayo sisi tukifunga, hakuna wa kuitengeneza."

Alisoma yote akiwa amechuchumaa sakafuni. Mama Senkoro alikuwa amehesabu kila kitu: kanda, wateja, vipuri, hata mpango wa kukipunguza kitengo bila kukiua. Hakuitwa, aliomba. Rasimu nyingine za hotuba zilikuwa zimekatwa katwa, na kwenye jalada la nyuma, kwa herufi ndogo, alikuwa amejiandikia mwenyewe: "Wanne wako tayari, mimi nitakuwa wa tano. Watu wangu wasijue mpaka nikae. Wakijua, vifungo vitajua, na Baraza litasema nimewapanga wanililie. Hata W. asijue. Hasa W., yuko karibu mno na mimi."

Ndipo Winfrida alipoelewa mama yule alikuwa anatazama nini siku ile ofisini. Alikuwa anatazama kifungo.

Alilia tena, na safari hii hakuziba ukosi.

Jumamosi alipanda treni ya sumaku mpaka Mwanga, akachukua gari la kupanda mlima hadi Usangi, daftari likiwa ndani ya mkoba. Alimkuta Mama Senkoro barazani kwake, ungo wa maharage mapajani, akigombana kwa simu na wakili juu ya mpaka wa shamba la mdogo wake. Alikuwa amepungua. Alipomwona mgeni alimaliza maneno yake yote na wakili bila haraka, ndipo akakata simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Hakumwambia karibu. Winfrida alisimama juani, akatoa daftari, akaliweka ukingoni mwa baraza.

"Mama, ni mimi. Ile taarifa, mimi ndiye..."

"Najua. Walinionyesha. Dokezo la Mhandisi lilikuwa jeupe." Mama Senkoro aliokota jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. "Nilifikiri labda uliugua siku ile. Nikauliza. Wakasema hapana, ulikuwepo kazini."

"Niliudhika, Mama. Nilidhani umetukimbia. Nilianza kuandika, nikafuta."

"Ulianza?"

"Nilianza. Nilifika katikati."

"Heri usingeniambia hilo."

Kuku walipita kati yao. Winfrida alikuwa amejiandalia maneno mengi ndani ya treni, kuhusu sura ile iliyofutwa, kuhusu makao makuu na haraka zao, na sasa yote aliyaona ni ya kujitetea.

"Ungeniambia hata nyumbani, Mama. Hata kwa ishara."

"Nikuambie, Jumatatu uende kazini ukiwa unajua?" Mama Senkoro alimtazama kwa mara ya kwanza. "Si wewe uliyetufundisha kwamba anayejua hafanani na asiyejua? Nilikaa mstari wa mbele siku ulipotufundisha. Nilikuwa najivunia wewe mpaka naona aibu."

Winfrida akapiga magoti pale chini. "Nisamehe, Mama."

"Bado," alisema Mama Senkoro. "Sisi Wapare hatufungi kesi haraka. Uliza mwakani." Akaendelea kuchambua maharage, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Tesha anajua?"

"Hajui. Nataka nimwambie. Alikuja kuniuliza siku ile ile, nikamdanganya. Nimekuwa silali. Nikitoka hapa nakwenda Rombo nimwambie."

"Hutakwenda."

"Mama..."

"Hutakwenda, Winfrida. Jumapili yule mzee alinipigia simu. Alinitukana nusu saa, nikacheka mpaka nikakohoa. Ni yeye tu aliyebaki. Akijua kwamba maneno yake ndiyo yaliyoninyima kiti, atakuja hapa kwa heshima, kofia mkononi, aniite Mheshimiwa mpaka siku nitakapokufa. Na hicho nacho unataka kuninyang'anya, ili wewe upate usingizi?"

Winfrida akajiinua, akaketi ukingoni mwa baraza. Alikuwa amekuja kuutua mzigo, na sasa aliona kuwa atarudi nao Dodoma, na kwamba ni haki yake kuubeba.

Wakati ule jirani akaingia uani, mama wa makamo, sufuria ya ndizi za kuchemsha ameikumbatia kifuani kwa mkono mmoja. Alimsabahi mwenyeji, akaweka sufuria chini, akamwendea mgeni na kumnyooshea mkono wa kushoto.

"Usinione sina adabu, mgeni, nakupa wa kushoto. Huu wa kulia umegoma."

Mkono wake wa kulia ulikuwa mkono-tambuzi, wa toleo la zamani, umekwaruzika kwa jembe. Vidole vilikuwa vimefumba na kukwama, na ndani ya kiganja mlikuwa na kipande cha mpini wa ndoo, kimekatwa kwa msumeno pande zote mbili.

"Ulinikwamia kisimani, juma la pili sasa," jirani alieleza. "Tulijaribu kuufungua, wapi. Ikabidi tukate ndoo. Naoga nao hivi hivi, nalala nao hivi hivi."

"Huyu ametoka kiwandani, Namsifu," alisema Mama Senkoro.

"Kiwandani kweli?" Uso wa mwanamke ukang'aa. "Jamani, Mungu mkubwa! Wewe ni fundi wa vidole?"

Winfrida alitikisa kichwa.

"Sasa kule ulikuwa unafanya nini?"

Mama Senkoro ndiye aliyejibu, ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Kazi yake ilikuwa kusikiliza watu."

"Ah, basi afadhali," alisema Namsifu. "Maana simu ya kiwandani napiga kila siku, hakuna anayesikiliza." Akavuta kigoda kwa mguu, akaketi karibu kabisa na mgeni, akaulaza ule mkono uliofumba juu ya goti la Winfrida, na kuanza kumweleza tangu mwanzo.